Umeme wa jua na upepo mwambao wa Ziwa Tanganyika: yanayosemwa na yaliyo kweli

Upande wetu wa Ziwa Tanganyika hauna visiwa vikubwa vya kuishi watu kama Ukerewe au Ukara kule Ziwa Victoria. Ila kwa habari ya umeme, Kigoma tunayajua maisha ya kisiwani. Hadi miaka ya karibuni mji ulikuwa nje ya Gridi ya Taifa, ukiendeshwa na majenereta ya mafuta. Na hata leo viko vijiji, kama Mwamgongo karibu na Gombe, ambavyo unavifikia kwa boti. Kwa watu wa huko, maneno ya mtaani kuhusu sola na upepo si mazungumzo ya kupotezea muda: ndiyo yanayoamua michango inunue nini. Mengi ya maneno hayo yanawatia hasara.

Linalosikika zaidi ni hili: “Ziwani upepo upo, tufunge mapangaboi makubwa, habari iishe.” Upepo unaokupiga usoni ukiwa mwaloni haukwambii chochote cha maana. Nguvu iliyomo kwenye upepo hukua haraka kuliko kasi yake: kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu huongezeka mara nane. Maana yake, upepo wa mita 3 kwa sekunde una sehemu moja tu kati ya nane za nguvu ya upepo wa mita 6. Mitambo mingi haianzi kuzalisha kitu mpaka kasi ifike mita 3 au 4 kwa sekunde, na ile mikubwa hujizima upepo ukifika kama mita 25, isije ikavunjika. Kwa hiyo dhoruba inayowakimbiza wavuvi nchi kavu haina faida kubwa kwa mtambo. Kinachohitajika ni upepo wa wastani, unaovuma saa nyingi na siku nyingi bila kuyumba. Na huku kwetu milima inapanda ghafla nyuma ya ufuko. Milima, miti na mapaa huuvuruga upepo kabla haujafika kwenye panga.

Ndiyo maana ukisikia habari za umeme wa upepo Tanzania utasikia Singida na Makambako, na mitambo ya Mwenga yenye megawati 2.4 iko Mufindi. Sisemi Kigoma haina upepo. Nasema upimwe. Kipima upepo kifungwe juu ya nguzo, kwenye kimo kile kile ambacho panga litakaa, kiachwe mwaka mzima ili kiangazi na masika vyote viingie kwenye hesabu. Kama vipimo hivyo havipo, pesa ya kijiji mimi ningeipeleka kwenye jua bila kusita.

Kuhusu jua nalo, wapo wanaosema Kigoma hakuna joto kama la Dar es Salaam, basi sola haitafanya kazi vizuri. Ni kinyume. Paneli inataka mwanga, joto linaipunguza. Kila nyuzi moja inayozidi 25, paneli ya silikoni hupoteza takribani asilimia 0.4 ya nguvu yake. Ikiwa juani na imefika nyuzi 60, jambo la kawaida kabisa, karibu asilimia 14 imeshaondoka. Fundi anayelaza paneli moja kwa moja juu ya bati anakupunguzia umeme. Mwambie aache nafasi chini yake hewa ipite. Sisi tuko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na kilowati moja ya paneli iliyofungwa vizuri inaweza kukupa takribani uniti 4 kwa siku ya kawaida.

Masika hupunguza, hayazimi. Paneli huendelea kuzalisha chini ya mawingu, ingawa kwa kiasi kidogo, na mvua inaiosha. Kiangazi ndicho kina adui asiyehesabiwa: vumbi, pamoja na moshi wa mapori yanayochomwa. Futa asubuhi mapema, kwa maji na kitambaa laini, kabla kioo hakijapata moto.

Nikae zaidi kwenye betri, maana hapo ndipo mifumo mingi inapofia. “Betri ya gari inatosha, zote ni betri.” Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, kuwasha injini, kisha ijazwe papo hapo. Ukiitumia usiku kucha kwa taa na televisheni mpaka iishe, halafu kesho hivyo hivyo, utaiua ndani ya muda mfupi. Betri ya risasi iliyotengenezwa kwa ajili ya sola inavumilia zaidi, lakini nayo usiishushe chini ya nusu. Za lithiamu aina ya fosfeti ya chuma ni ghali siku ya kununua, ila zinakubali kutumika asilimia 80 au zaidi ya ujazo wake, kwa mizunguko maelfu ya kujaza na kutumia. Mwenye boti ya dagaa anayewasha taa usiku mzima aipige hesabu hiyo kwa bei ya kila usiku, aiache bei ya dukani.

Tena si kila kazi inahitaji betri. Yapo majokofu ya chanjo yanayoendeshwa na paneli moja kwa moja: mchana yanagandisha barafu ndani ya kuta zake, usiku barafu ndiyo inayolinda chanjo zibaki kati ya nyuzi 2 na 8. Zahanati ya mwambaoni ndiyo mahali pake hasa. Mashine ya kusaga ni vivyo hivyo, ikisaga kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa tisa. Hata barafu ya kuhifadhia samaki kama migebuka inaweza kugandishwa mchana. Anayesema sola ni ya taa na kuchaji simu tu ameona mifumo midogo, basi.

Na kama kuna asiyeamini kwamba sehemu iliyojitenga inaweza kuachana na dizeli, atazame kisiwa cha Ta'u huko Samoa ya Marekani. Tangu 2016 kina paneli za megawati 1.4 na betri za kutosha kupita siku kadhaa za mawingu. Eigg, kisiwa kidogo cha Uskoti, tangu 2008 kimechanganya maji, upepo na jua, na wenyeji wakakubaliana kila nyumba isivute zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja. Makubaliano hayo yanafanya kazi kubwa sawa na mitambo.

La mwisho ni la mjini: “Gridi imefika, sola ya nini tena?” Gridi nayo hukatika: Zanzibar ina waya wa baharini kutoka bara, na ulipoharibika mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Ila ukifunga paneli kwenye nyumba yenye LUKU, muulize fundi swali moja: TANESCO wakikata, inveta hii (kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani) inaendelea au inazima? Inveta ya kawaida ya kuungana na gridi, isiyo na betri, huzima hapo hapo ili isimpige shoti fundi aliyeko kwenye nguzo. Jua linaweza kuwa la utosi na nyumba yako ikawa giza. Inayoendelea ni ile yenye betri na swichi ya kujitenga na gridi, na bei yake ni nyingine.