Wastani Ukishuka, Nani Amekaza Mkono?

Kuna mchezo ambao watafiti hutumia kupima ushirikiano, na wenyewe ni mwepesi. Watu wanne wasiojuana wanapewa tokeni 20 kila mmoja katika kila raundi, na mtu anaamua atie ngapi kwenye mfuko wa pamoja na abaki na ngapi. Kila tokeni inayoingia mfukoni inamlipa kila mwanakikundi 0.4, awe ametoa au hakutoa. Wote wakitoa zote, kila mmoja anaondoka na 32. Ukikaza mkono peke yako wenzako wakitoa zote, unaondoka na 44. Hapa Nairobi, mtu yeyote aliyewahi kuwa kwenye chama au kundi la WhatsApp la mchango wa matanga anauona mtego mara moja. Waorma wa Tana River, mwanaanthropolojia Jean Ensminger alipowachezesha mchezo wa aina hii, waliuita mchezo wa harambee.

Majaribio mengi ya maabara yameonyesha mwendo ule ule. Watu huanza kwa kutoa takriban asilimia 40 hadi 60 ya walichopewa, kisha mchango unapungua raundi baada ya raundi. Wengi huchora mstari wa wastani, wakauona unateremka, wakasema watu wamejifunza ubinafsi. Hilo nalipinga kwa nguvu, kwa sababu mtu anayepanga kanuni za chama kwa kutegemea mstari huo anaweza kuadhibu wasio na kosa.

Chukua kikundi kisicho na mchoyo hata mmoja. Kila mtu anatoa asilimia 80 ya wastani wa wenzake wa raundi iliyopita. Wakianza na 10, raundi ya pili ni 8, ya tatu 6.4, ya nne 5.12, na kufikia ya kumi hata 1.5 haifiki. Sasa chukua kikundi cha pili. Watatu wanafuata wastani wa wenzao sawasawa bila kupunguza chochote, wa nne hatoi kitu kamwe. Wale watatu wakianza na 10, wanashuka hadi 6.7, halafu 4.4, halafu 3.0. Wastani unateremka kote kuwili, lakini dawa si moja. Kikundi cha pili kinahitaji njia ya kumbana mtu mmoja. Cha kwanza hakina wa kubanwa, na faini hapo itawachoma watu ambao wote walikuwa tayari kushirikiana.

Kutofautisha vikundi hivi viwili kunataka data ya mtu mmoja mmoja. Mwaka 2001 Urs Fischbacher, Simon Gächter na Ernst Fehr walimpa kila mshiriki jedwali la kujaza: wenzako wakitoa wastani wa 0, utatoa ngapi? Wakitoa 1? Hivyo hivyo hadi 20. Karibu nusu walipandisha mchango kadiri wenzao walivyopandisha, ingawa wengi wao kwa kiwango cha chini kidogo. Karibu asilimia 30 walijaza sifuri mwanzo hadi mwisho. Wachache walipanda hadi katikati kisha wakashuka.

Kwa hiyo modeli ya takwimu ninayoipendelea kuchambua data hii ni ya mchanganyiko. Haimlazimishi kila mtu afuate mteremko mmoja; inakadiria aina za watu zilizopo, na uwezekano wa kila mshiriki kuwa wa aina fulani. Sifuri nyingi nazo zinataka uangalifu. Modeli ya Tobit, njia ya takwimu inayotumika sana kwa data yenye sifuri nyingi, inachukulia kwamba kutoa au kutotoa, na kutoa kiasi gani, ni uamuzi mmoja. Mimi huutenga kuwa maamuzi mawili, maana anayesita kati ya 3 na 5 hayuko sawa na aliyekataa kabisa.

Halafu kuna suala la hesabu ya ushahidi. Vikundi 15 vya watu wanne kwa raundi 10 vinatoa mistari 600 ya data, lakini wakishaanza kuonana michango, kilicho huru ni vikundi 15 tu. Anayehesabu 600 atapata uhakika asioustahili. Pesa za utafiti zikiwa chache, ongeza vikundi, usiongeze raundi.

Na kabla ya kila uamuzi, muulize mshiriki anatarajia wenzake watoe ngapi. Aliyetoa sifuri akitarajia wenzake watoe 12, na aliyetoa sifuri akitarajia sifuri, wanaonekana pacha kwenye data. Wa kwanza ni mpanda bure, anayefaidi mfuko bila kuchangia. Wa pili huenda angetoa, laiti angeamini kwamba wenzake watatoa.