Marekani hawalipi kila mzoga

Ile sauti imerudi tena kwenye kundi letu la wafugaji la WhatsApp: "Marekani ng'ombe akifa, serikali inamlipa mwenyewe. Sisi hata pole hatupewi." Chini yake machozi na mikono ya dua, kutoka Konde mpaka Mkoani, Pemba nzima. Nimenyamaza mara nyingi, leo siwezi.

Kwanza, inayosemwa ni mipango miwili ya Wizara ya Kilimo ya kule. LIP ni ya mifugo iliyokufa. ELAP inaokota yaliyoachwa na mingine: malisho, maji, nyuki, samaki wa kufugwa. LIP kwa kawaida hutoa asilimia 75 ya bei ya wastani ya sokoni. Bei uliyokuwa ukiiota wewe haimo.

Na si kila mzoga. Ndama hufa hata mwaka wa neema, kwa hiyo wenzetu wana kiwango cha vifo vya kawaida, na hasara huanza kuhesabiwa ukishakipita. Tena sababu iwe imo kwenye orodha: mafuriko, baridi kali, hata mbwamwitu waliorudishwa porini na serikali yao wenyewe. Aliyekufa kwa maradhi ambayo chanjo ingeyazuia, huyo ni wako.

Upande wa ELAP, mtu halazimiki hata kuwa na mzoga. Mwaka 2024, mafua ya ndege yalipoingia kwenye ng'ombe wa maziwa, ililipia maziwa yaliyopungua. Ukame ukifika daraja la D3, yaani ukame uliokithiri, kwenye ramani yao, inasaidia gharama ya ziada ya kusafirisha maji mpaka kwa mifugo. Kusafirisha, jamani. Maji yenyewe unanunua.

Sasa nyuki, maana ndio kazi yangu na ndiko ninakokereka zaidi. Mfugaji wa kule huandikisha makundi yake mapema, halafu hudai yaliyokufa kupita kawaida, pamoja na mizinga na chakula cha nyuki kilichopotea. Nikiuliza hapa, "Una mizinga mingapi?", najibiwa, "Mingi, alhamdulillahi." Yenye nyuki je? Kimya. Siku ya kudai, sheha wa mtaa atatia muhuri juu ya nini?

Halafu kuna sababu. Bwana mmoja alinishikilia kwamba nyuki wake wameisha kwa kuwa karafuu hazikuzaa. Karafuu tunaichuma ikiwa bado tumba! Nyuki anapata nini pale zaidi ya machache tuliyoyasahau yakachanua? Angeniambia mikoko imekatwa, ningekaa kitako nimsikilize.

Lakini hata ningekuwa na daftari safi la kila mzinga kisiwani, kuna jambo linalonishinda. Nyuki wa kule wengi hufia mzingani wakati wa baridi, ukafungua ukawakuta. Wetu huhama. Majimoto, wale chungu wekundu wa mitini, wakiwaandama, nondo wa nta akiingia, maua yakiadimika, au wewe mwenyewe ukirina kwa pupa na moshi mwingi, asubuhi unakuta masega matupu. Hiyo ni hasara, ndiyo, ila haina maiti. Na mvua zikirudi, kundi jingine, au hilohilo, nani ajuaye, linaweza kuingia mzinga uleule bure. Sasa nilipe kwa mzinga uliobaki mtupu mwezi wa pili, ukajaa mwezi wa sita? Kiwango cha kawaida cha kuhama ni kipi? Nikikutajia asilimia, nitakuwa nimekudanganya.

Naelekea kuamini kwamba kwetu, kama siku moja fidia itapangwa, ipimwe kwa asali iliyopungua, tuachane na kuhesabu makundi. Asali haihami ikarudi. Ila hapo nako kuna shimo: asali yetu nyingi inauzwa mlangoni, kwenye chupa za maji zilizotumika, bila risiti, na nusu yake imeshaahidiwa jamaa wa Unguja kabla haijarinwa.