Kontena la Taka la Kukodi: Vinavyoruhusiwa na Visivyoruhusiwa Massachusetts

Anayehama au kukarabati nyumba katika jimbo la Massachusetts, Marekani, ambako Wakenya wengi wamefanya makazi katika miji kama Lowell na Worcester, aghalabu hukodi kontena la yadi 10 au 20, yaani takriban mita za ujazo 7.6 au 15.3, akidhani kwamba kila kinachoenea ndani yake kinaruhusiwa. Sivyo. Kinachoamua ni mahali shehena itakapoishia, kwa kuwa kanuni za jimbo zinakataza vitu kadhaa kuzikwa dampo au kuteketezwa.

Samani zilizochakaa na takataka za kawaida za darini hazina utata. Mbao, vyuma, matofali, zege, lami na bodi safi za jipsamu vimo katika orodha ya katazo, ila huweza kupakiwa pamoja iwapo kontena linapelekwa kwenye kituo cha kuchambua mabaki ya ujenzi. Jambo hili liulizwe kabla ya kutia saini, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Wengi hukwama kwenye magodoro na nguo, ambavyo viliingizwa katika katazo tarehe 1 Novemba 2022. Nguo zilizochafuliwa, kwa mfano zilizoota ukungu au kulowa mafuta, ndizo pekee zinazoweza kutupwa. Friji na viyoyozi vinapaswa kuondolewa gesi ya kupoza kwanza, kwa mujibu wa sheria ya shirikisho. Televisheni za zamani zenye kioo kizito, matairi, mitungi ya gesi, dawa za wadudu na rangi ya mafuta navyo visiwekwe. Rangi ya maji ikichanganywa na mchanga wa choo cha paka hadi ikauke, hutupwa na taka za kawaida. Betri za lithiamu ndizo hatari zaidi, maana zikipondwa huwaka moto ndani ya lori.

Vigae vya sakafu vya inchi 9 kwa 9 katika nyumba kuukuu mara nyingi vina asbesto, madini yenye nyuzi zinazodhuru mapafu: visibanduliwe kabla ya kupimwa.

Uzito nao husahauliwa. Mita moja ya ujazo ya zege ina takriban tani 2.4, hivyo kontena la yadi 10 likijazwa zege tupu hufikia tani 18, ilhali kodi kwa kawaida hujumuisha tani chache tu. Zege na udongo vikiwa vingi huhitaji kontena lake, tena lisijazwe hadi ukingoni.