Kunyoa kwa brashi na wembe: akiba iko wapi?

Wengi huamini kwamba ukirudi kwenye brashi, sabuni na mashine ya kunyolea ya wembe mmoja, akiba inakuja yenyewe. Haiji. Wembe ni wa bei nafuu kweli: kipande chembamba cha chuma chenye makali pande mbili, aina ambayo mvumbuzi King C. Gillette aliipatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) Marekani mwaka 1904, na leo viwanda vingi huitengeneza. Pesa hupotelea kwingine. Mtu ananunua brashi ya pili, sabuni ya tano, na mafuta ya kupaka baadaye, huku sabuni ya kwanza haijafika hata nusu! Ukitaka akiba, shika mashine moja, brashi moja, na sabuni moja mpaka uone kitako cha kopo. Wembe utupe ukianza kuvuta nywele.