Desemba twende kwenu, kwetu au baharini? Anzeni na siku, mahali baadaye

Kila mwaka ifikapo Oktoba, swali lilelile huanza kuzunguka kwenye meza za wanandoa wa Dar es Salaam: Desemba tunaenda wapi? Baba anataka Moshi, mama anataka Bukoba, watoto wamesikia habari za Zanzibar shuleni. Baada ya wiki mbili watu hawaongei, na tarehe 18 Desemba familia inapanda gari kuelekea kule ambako mwenye sauti kubwa alitaka, huku mmoja kanuna tangu Kibaha.

Kazi yangu ni kuwasaidia wanandoa kupanga mambo ya nyumba: fedha, watoto, wakwe, likizo. Katika yote hayo, likizo ndiyo inayodharauliwa kuliko zote, na ndiyo inayoacha kinyongo cha muda mrefu. Sababu naiona moja. Neno "likizo" limebeba mambo mawili tofauti, na kila mmoja anazungumzia lake. Mmoja anasema wajibu: wazazi wanazeeka, wajukuu lazima waonekane. Mwingine anasema pumziko: mwili umechoka, nataka kulala. Hawabishani kuhusu mahali. Wanajibu maswali mawili tofauti, kila mmoja akidhani mwenzake hajasikia.

Kwa hiyo jina la mahali lisitajwe kabisa kwenye kikao cha kwanza. Kikao hicho kiwe Septemba, kabla bibi hajapiga simu kuuliza mtakuja lini. Kila mmoja achukue karatasi yake, akae peke yake, aandike mambo matatu: ni nani lazima nimwone mwaka huu; mwili wangu unahitaji nini; na kitu gani siko tayari kukirudia. Kisha mbadilishane karatasi, msome kimya. Andika kitu kinachoshikika. "Nataka kupumzika" haisaidii. "Nataka asubuhi tatu za kulala hadi saa mbili bila kuamshwa na mtu" inasaidia, kwa sababu inahesabika.

Karatasi za wanawake walioolewa huwa na jambo ambalo waume wengi hulisoma kwa mshangao. Kwa mke, ukweni si likizo. Tazama kihamba (shamba la migomba la ukoo) cha Kibosho, Moshi, wiki ya Krismasi: nyumba ina watu kumi na wanane, mkamwana yuko jikoni saa kumi na moja alfajiri anapuliza kuni, chai inafuatwa na mtori, mtori unafuatwa na vyombo, na vyombo havijakauka wageni wa mchana wamefika. Mume wake wakati huo yuko migombani na kaka zake, mbege (pombe ya ndizi) mkononi, anapumzika kweli. Wakirudi Dar yeye atasema "tulienda likizo", na mke hataelewa anazungumzia safari ipi. Huyu mke hachukii wakwe zake. Alichofanya ni kubadilisha kituo cha kazi tu.

Jambo hili lina dawa, na dawa yenyewe si kuacha kwenda. Tengeni fedha ya kumlipa binti au mama jirani aje kuosha vyombo na kuteka maji kwa siku zote mtakazokuwepo. Punguzeni idadi ya usiku, na ombeni mapema chumba chenu wenyewe, kwa sababu mke anayelala na watoto wanne wa shemeji zake hapumziki hata usiku. Na mwenye jukumu la kuyasema haya kwa mama ni mwanawe wa kumzaa, siyo mkamwana.

Baada ya karatasi, hesabuni siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa siku 28 za likizo kwa mwaka, lakini siku hizo ni za mfululizo, Jumapili na sikukuu zimo ndani, na ni nadra baba na mama kuzipata kwa wakati mmoja. Mkiweka pamoja barua za likizo za pande zote mbili, mara nyingi mnabaki na siku kumi au kumi na mbili ambazo wote wawili mko likizo. Toeni siku za barabarani. Toeni na siku moja ya mwisho ya kufua na kupanga nyumba kabla ya kurudi kazini. Wanaoisahau siku hiyo hurudi ofisini wamechoka kuliko walivyoondoka.

Kisha hesabuni fedha, mkianzia Januari. Ada, sare, madaftari, kodi ya nyumba: vyote vitolewe kwanza na viwekwe akaunti nyingine kabisa. Kinachobaki ndicho cha safari.

Tuchukue mfano. Familia inakaa Tabata, baba ni wa Kibosho, mama ni wa Kamachumu, upande wa Bukoba, watoto watatu wa miaka 11, 7 na 2. Wana siku 12 na, baada ya Januari kutolewa, shilingi 2,400,000. Gari lao linakwenda kilomita 10 kwa lita. Tuseme lita ni shilingi 3,000 (nyinyi wekeni bei ya kikomo ya mafuta ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inayotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi).

Dar hadi Moshi ni kama kilomita 560. Kwenda, kurudi na mizunguko ya huko kilomita 200 ni 1,320, yaani lita 132, shilingi 396,000. Ongeza 150,000 za chakula cha njiani na dharura ya gari, 200,000 za zawadi za wazee (sukari, mchele, vitenge, blanketi), 250,000 za mchango wa mbuzi na kikao cha ukoo, na 150,000 za "mkononi", zile elfu tano na elfu kumi unazompa kila shangazi unayemsalimia. Jumla 1,146,000. Ona kwamba zawadi, mchango na mkononi ni 600,000, zaidi ya mafuta. Hapa ndipo bajeti nyingi hufa, kwa sababu mume huona aibu kuziandika. Ziandikeni.

Kamachumu ni safari nyingine. Kwa barabara, kupitia Dodoma, Singida, Kahama na Biharamulo, ni kama kilomita 1,400. Kwenda, kurudi na mizunguko ni 3,000, lita 300, shilingi 900,000. Kwa watoto wadogo lazima mlale njiani, na Singida iko karibu na katikati: usiku mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi, tuseme 160,000. Chakula 200,000, gari 200,000, zawadi 200,000, mkononi na michango 300,000. Jumla 1,960,000. Na katika siku 12, nne zimeishia barabarani.

Hapo hesabu haijasema Bukoba isiendwe. Imesema tu kwamba Moshi na Bukoba si machaguo ya uzito mmoja, kwa hiyo "mwaka huu kwetu, mwaka kesho kwenu" haitakaa sawa bila kuwekewa akiba. Wanandoa wengi hupanga zamu hivyo, kisha mwaka wa Bukoba unapofika, fedha hazitoshi, wanakwenda tena Moshi "kwa kuwa ni karibu". Mama anaipoteza zamu yake bila mtu yeyote kumwambia hapana. Akifanyiwa hivyo mara mbili, ana haki ya kukasirika.

Kwa familia hii ningependekeza hivi. Tarehe 20 Desemba waondoke Dar alfajiri. Wakae Kibosho usiku saba, Krismasi na kikao cha ukoo vikiwa ndani. Tarehe ya kikao iulizwe mapema, maana koo nyingi hukutana kati ya Krismasi na mwaka mpya. Tarehe 27 waanze kurudi, wakifika Mombo wakate kona na kupanda kilomita 33 hadi Lushoto. Walale huko usiku tatu. Hizo ndizo asubuhi za mama: hakuna mkwe, hakuna jiko, kuna ubaridi wa Usambara na matembezi ya Irente kwa watoto. Chumba 100,000 kwa usiku na chakula 60,000 kwa siku ni 480,000, na kupanda na kushuka mlima ni lita saba, 21,000. Wanaotaka bahari wakate Segera waelekee Tanga na Pangani badala ya Lushoto. Tarehe 30 wako Dar, 31 wanafua.

Matumizi yote yamefika 1,647,000. Imebaki 753,000, na hiyo haiguswi: inawekwa benki kwa jina la Bukoba, mwaka kesho. Mama anaondoka kwenye kikao na namba, siyo ahadi.

Na zamu ya Bukoba ikifika, si lazima mwende kwa gari lenu. Treni ya SGR, ile reli ya kisasa, imefika Dodoma tangu 2024, na inaimaliza kwa kama saa nne ile sehemu ya kwanza ya kilomita 450. Ilipoanza, nauli ya daraja la kawaida ilikuwa 31,000, watoto wa miaka 4 hadi 12 nusu, walio chini ya miaka 4 bure. Kwa familia hii ni 93,000 kwenda. Kutoka Dodoma mnachukua basi. Njia nyingine ni kufika Mwanza na kuvuka ziwa kwa meli ya usiku. Mama wa Kihaya atakwambia pia kwamba Bukoba ya Juni siyo Bukoba ya mwishoni mwa mwaka. Novemba na Desemba ni msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Mtoto anayekaa na bibi yake, ungo katikati yao, akinyofoa mabawa na miguu kabla hawajaingia kwenye kikaango, anapata kitu ambacho likizo ya Juni haiwezi kumpa. Kwa hiyo usimwambie mkeo "si tutaenda Juni" kana kwamba umempa kilekile alichoomba.

Zamu iandikwe, na kuwe na kanuni ya vitu visivyohesabika. Ugomvi mkali ninaoukuta hutokana na hapa: mke alikwenda kwao Machi kumzika babu, kisha Desemba mume anasema "si ulikwenda kwenu mwaka huu?" Msiba si likizo. Kuuguza si likizo. Harusi ya siku mbili si likizo. Andikeni wazi kwamba safari hizo haziondoi zamu ya mtu. Kinachoweza kuivunja zamu ni kimoja tu, afya ya mzazi. Mama wa miaka 84 aliyeanza kusahau majina hasubiri mwaka kesho, hata kama zamu ni ya upande mwingine, na mwenye zamu akimwachia mwenzake, nayo iandikwe kwamba inasogea, haijafutwa.

Kosa linaloharibu mipango mizuri kuliko yote ni simu. Mume anaongea na mama yake Jumapili moja ya Oktoba, mama anauliza, naye anajibu "tutakuja mama, usijali". Jioni hiyo habari iko kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, mbuzi ameshatengwa, na mkewe hajaulizwa. Kuanzia hapo mke akisema neno anaonekana amekataa wakwe. Jibu la kumpa mama kabla ya kikao ni "tunapanga, nitakupigia mwisho wa mwezi". Uamuzi ukishapatikana, kila mmoja awaambie wazazi wake mwenyewe, kwa nafsi ya wingi:

"Shikamoo mama. Mwaka huu tutafika tarehe 20 na tutaondoka 27. Tumekaa sisi wawili tumeamua hivyo. Mwaka kesho ni zamu ya kwa wakwe."

Usiseme "mama watoto amechoka" wala "mwenzangu hataki". Maneno hayo yatakaa kwenye kihamba miaka kumi.

Wanaosafiri kwa basi wana tatizo lao: tiketi ya kurudi. Desemba abiria wa Kaskazini ni wengi kiasi kwamba LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada, na watu huhangaika kupata siti ya kwenda, wakasahau kwamba wote hao watarudi wiki ya kwanza ya Januari kabla shule hazijafunguliwa. Ukikwama Moshi tarehe 4 na watoto watatu, utanunua kwa mlanguzi, na ugomvi uliomalizika Septemba utafufuka stendi. Kateni tiketi za kwenda na za kurudi kwa mkupuo mmoja, kwenye mfumo wa mtandao wa kampuni yenyewe, na tiketi iwe na jina lenu.

Wenye gari wasidanganyike na kilomita 560. Vijiji vya njia ile vina vibao vya 50, polisi wapo na tochi zao za kupima mwendo, faini ni 30,000 kwa kosa. Kwa mtoto wa miaka miwili simameni kila baada ya saa mbili. Safari ihesabuni kuwa ya muda wa saa 11 hadi 12, na msiahidi Kibosho kwamba mtakula nao chakula cha mchana.

Walioko Ulaya na Marekani wana hesabu hiyohiyo yenye uzito zaidi, kwa sababu shule zao hufungwa Julai na Agosti, huku nyumbani ukoo hukutana Desemba. Mkija Julai ni kipupwe, migombani Kilimanjaro ni baridi kweli, na ndugu wengi wako makazini mijini. Ambieni wazazi mapema kwamba mtawaona wazee lakini hamtauona ukoo wote, na hizo siku zilizobaki mchukue bahari bila kuona haya.

Kuhusu kugawana, baba aende kwao na mama kwao, huwa ninakubali pale tu likizo zinapogongana au mzazi anapoumwa. Watoto waende upande mmoja wote, wasigawanywe kama mizigo, na mwaka unaofuata waende upande wa pili. Ikifika mwaka wa pili mfululizo mnagawana tena, rudini kwenye zile karatasi, msome kwa makini mstari wa tatu: kitu gani siko tayari kukirudia.