Paroko, Zaka na Maziko: Sheria ya Kanisa Inasemaje

Swali linalofika mara nyingi kwenye ofisi ya sheria ya jimbo Katoliki ni hili: je, paroko, yaani padre anayeongoza parokia, anaweza kukataa kumzika Mkristo kwa sababu alikuwa na deni la zaka, au hakuonekana kwenye jumuiya, kile kikundi cha waamini majirani wanaosali pamoja? Waamini huliuliza kwa woga, wasije wakaonekana wanamsengenya padre. Hawamsengenyi, wanauliza wajibu wake.

Sheria za Kanisa Katoliki za mwaka 1983 zinamweleza paroko kuwa mchungaji aliyekabidhiwa watu, chini ya mamlaka ya askofu. Kanuni ya 529 inamdai awajue watu hao: atembelee familia, awatafute wagonjwa, maskini, wapweke na walio mbali na kwao, awe karibu na anayekata roho. Kazi hiyo haiombwi kama ajira. Kijana hukaa seminarini miaka mingi, akisoma falsafa na kisha teolojia, na bado hawezi kujiita mwenyewe. Kanisa ndilo linalomwita, kupitia kwa askofu.

Parokia nyingi za kwetu zina vigango, yaani vituo vya sala vya mbali, vilivyotawanyika, vingine havifikiki wakati wa masika. Kwa hiyo paroko huwategemea makatekista na viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo, utaratibu ambao maaskofu wa Afrika Mashariki waliupa kipaumbele miaka ya 1970. Utaratibu ni mzuri. Unaharibika pale daftari la michango linapogeuzwa kipimo cha imani ya mtu.

Kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa maziko ya Kanisa: walioikana imani waziwazi, waliochagua mwili wao uchomwe kwa kuupinga Ukristo, na wadhambi wa wazi ambao kuwazika kungewakwaza waamini. Hata hao, wakiwa wameonyesha dalili ya toba kabla ya kufa, huzikwa. Penye shaka anaulizwa askofu. Mwenye deni la zaka hayumo. Kanuni ya 848 nayo inataka mhitaji asikose sakramenti kwa sababu ya umaskini. Kulitegemeza Kanisa ni wajibu wa kila mwamini, hilo silipunguzi, ila wajibu huo haukusanywi juu ya jeneza.

Na fedha zenyewe si za padre. Sadaka inayotolewa wakati wa huduma za kiparokia huingia mfuko wa parokia, na kila parokia lazima iwe na kamati ya fedha. Zaidi ya hapo, kila Jumapili na sikukuu ya amri, ile ambayo mwamini analazimika kuhudhuria Misa, paroko anadaiwa Misa moja kwa ajili ya watu wake wote, na Misa hiyo hapokei sadaka ya nia, yaani fedha ya kuombewa jambo lake, kwa mtu yeyote. Waamini wachache sana wanajua kwamba wanaombewa hivyo, pamoja na wale wasiotoa chochote.

Ukikumbana na katazo la maziko, muone paroko mwenyewe kwanza. Mara nyingi neno la kukataa limetoka kwa kiongozi wa jumuiya, na paroko hajaambiwa lolote. Asipokusikiliza, nenda kwa dekano, padre anayesimamia parokia kadhaa za jirani, kisha ofisi ya askofu. Usianze kuandika barua wakati mwili uko mochwari. Piga simu siku hiyohiyo.