Mchezaji wa 4.5 kwenye FPL: ninavyompima kabla ya kumsajili

"Huyu jamaa wa 4.5 kafunga jana, nimchukue?" Ukicheza Fantasy Premier League (FPL), mchezo wa mtandaoni ambapo unaunda kikosi cha wachezaji halisi wa Ligi Kuu ya England na kupata pointi kwa wanachofanya uwanjani, utalisikia swali hili kila Jumatatu (4.5 ni bei yake, kwa mamilioni ya pauni za mchezo), na mimi hulijibu kwa maswali mengine: alicheza dakika ngapi, mechi tatu zilizopita alianza ngapi, na penalti za timu yake anapiga nani? Goli la jana halinihusu. Pointi zake zimeshakwenda kwa waliokuwa naye.

Kabla ya hayo yote kuna hesabu ya bei, na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Una pauni milioni 100 na lazima ujaze nafasi 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5, washambuliaji 3. Mwanzoni mwa msimu kima cha chini cha kipa na beki huwa 4.0, cha kiungo na mshambuliaji 4.5. Ukijaza kikosi kizima kwa kima cha chini utatumia 64. Hizo ni pesa zilizokwisha kutoka kabla hujachagua jina hata moja. Fedha yako halisi ni zile 36 zinazobaki. Kwa mtazamo huo beki wa 4.0 ni wa bure, kiungo wa 5.5 anakugharimu 1.0, na Erling Haaland, aliyeanza msimu wa 2025/26 kwa 14.0, anameza 9.5, yaani zaidi ya robo ya mfuko.

Ndiyo maana sina imani na ule mtindo wa kugawanya pointi kwa bei kisha kumtangaza mwenye wastani mkubwa kuwa ndiye mwenye thamani. Wanaoingia uwanjani ni 11 tu. Beki wa bure mwenye pointi 80 kwa msimu ataonekana lulu kwenye jedwali la namna hiyo, lakini amekalia nafasi ambayo mwingine angekuletea 150. Swali langu huwa: huyu ananiongezea nini juu ya yule wa kima cha chini ambaye ningempata vyovyote vile, na nusu milioni ninayomwongezea ingefanya kazi gani kwingine?

Chukua mfano wa Cole Palmer. Alihamia Chelsea siku ya mwisho ya usajili, Septemba 2023, na kwenye FPL alikuwa 5.0, nusu milioni tu juu ya kima cha chini. Alimaliza msimu na pointi 244, akiwa na magoli 22 na pasi za magoli 11. Watu husema ni bahati ya mwaka ule. Mimi naona alama ilikuwa wazi mapema. Tarehe 7 Oktoba, ugenini kwa Burnley, goli lake la kwanza la ligi akiwa na Chelsea lilikuwa la penalti. Kijana mgeni, timu imejaa majina makubwa, na mpira anakabidhiwa yeye. Hiyo ni habari nzito kuliko goli lenyewe, kwa sababu penalti zinajirudia na kila goli la kiungo ni pointi 5. Katika yale magoli 22, 9 yalikuwa ya penalti. Kwa hiyo nikimwona mtu wa bei ya chini amesimama juu ya mpira wa penalti, kona au faulo ya karibu na boksi, hapo naacha kupiga hesabu na kuanza kutafuta wa kumuuza.

Alama ya pili ninayoipenda ni mchezaji aliyeandikwa kwenye nafasi isiyo yake. Goli la beki ni pointi 6, na timu isipofungwa anapata 4, wakati kiungo hupata 1 tu. John Lundstram wa Sheffield United aliandikwa beki msimu wa 2019/20, bei 4.0, ilhali kocha alikuwa akimpanga kiungo na kumwachia aingie boksi. Alifunga magoli 5 na kumaliza na pointi 144. Msimu uliofuata Stuart Dallas wa Leeds akafanya hivyo hivyo kutoka 4.5: magoli 8, pointi 171. Wasimamizi wa mchezo huwa wanarekebisha makosa haya msimu ukiisha, kwa hiyo kila Julai orodha mpya ya bei ikitoka, mimi husoma safu ya nafasi kabla ya safu ya bei.

Lakini yote haya hayana maana bila dakika. Akicheza 60 anapata pointi 2. Chini ya hapo ni 1. Na hiyo 1 ni balaa. Mchezaji anayeingizwa dakika ya 88 haongezi kitu, na kwa kuwa amegusa uwanja, mtu wako wa benchi haruhusiwi kuchukua nafasi yake. Heri asicheze kabisa. Halafu uliza dakika hizo kazipataje. Kama mwenye namba ameumia au kaenda Kombe la Afrika, basi dakika hizo ni za kukopa, na tarehe ya kurudishwa inajulikana. Hata Lundstram, na uzuri wake wote, alianza kupungukiwa dakika baada ya klabu kumsajili Sander Berge Januari 2020.

Tangu 2025/26 kuna jambo limebadilisha soko la mabeki wa bei ya chini. Beki akifikisha vitendo 10 vya ulinzi katika mechi moja, yaani kuondosha mpira, kuzuia shuti, kunasa pasi na kunyang'anya, anapewa pointi 2. Kabla ya hapo beki wa kati wa timu dhaifu ulimnunua ili akae benchi akuombee dua. Sasa hata timu yake ikilala 2-0 anaweza kuondoka na 3: mbili za dakika, mbili za ulinzi, moja imekatwa kwa magoli mawili. Si nyingi, ila zinakuja mara kwa mara. Nawapendelea mabeki wa kati kuliko wa pembeni, na siangalii wastani. Mwenye vitendo 9 kila mechi anapata sifuri kila mechi. Mwenye 6 leo na 12 kesho anavuna nusu ya wakati. Hesabu ni mara ngapi amevuka mstari.

Kuhusu kupanda kwa bei, watu wanajisumbua bure. Ukimnunua kwa 5.0 akafika 5.3, ukiuza unapewa 5.1, kwa sababu faida unapata nusu na inashushwa hadi desimali moja. Ghali zaidi ni uhamisho wenyewe. Unapewa mmoja wa bure kila raundi, wa ziada unakukata pointi 4, na tangu 2024/25 unaweza kulimbikiza hadi mitano. Mtu wa 4.5 unayemtoa baada ya wiki mbili amekulia uhamisho miwili, wa kumleta na wa kumwondoa, ambayo ungeitumia kwa wale wanaobeba zile 36.

Kwa hiyo kikosini mwangu huwa kuna watu wawili au watatu wa kima cha chini, wote wanaoanza kwenye timu zao, na wakishaingia siwagusi mpaka wapoteze namba. Wiki hii namwangalia beki mmoja wa kati wa 4.0. Akianza tena Jumamosi, nitamchukua.